Kugonga kwa Juu, Kugonga kwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilitia mafuta ya papa kwenye injini ya gari la mkuu wangu. Naliandika hili mwanzo kabisa ili msomaji asije akalisikia kwa wengine, maana bado wapo wanaolikumbuka na hawana kazi nyingine.

Ilikuwa karakana ya serikali pale Kismayo, upande wa bandarini. Nilitoka kisiwani Koyama, kwetu sisi Wabajuni, na cheti cha sekondari, shati la kuazima na imani kubwa mno juu ya hicho cheti. Mkuu wa Karakana, Msomali mrefu aliyesema Kiswahili cha Kismayo kama mwenyewe, alinionyesha gari lake, akaniambia niongeze oili, kisha akaingia ofisini kunywa chai. Ukutani palikuwa na madebe mawili. Moja sikulijua. La pili nililijua kwa harufu tangu utotoni: sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo kwetu hupakwa mbao za vyombo zisiharibiwe na jua na maji. Karakana ilitunza pia boti ya forodha, ndiyo maana yalikuwapo. Mimi ni mtoto wa mafundi wa vyombo. Nikafikiri kwamba kitu kikuukuu kinachotaka kulainishwa hupewa sifa, hakuna la kuuliza. Nikamimina debe nusu, nikapangusa vizuri pale nilipomwagia, kazi ionekane safi.

Mkuu alipoliwasha kwenda kula chakula cha mchana, ulitoka moshi mzito wenye harufu ya papa wa kukaangwa, na paka wa mtaa wakatoka kuuangalia. Hakufika mbali. Alirudi kwa miguu, akasimama mbele yangu, akaniangalia kama mtu anayesoma barua ya deni la mwenzake.

"Bajuni," akasema taratibu, "hiki si chombo cha babako."

Adhabu yangu ilikuwa kuifungua ile injini yote na kuisafisha kipande kwa kipande. Ilinichukua siku nne. Ilipofika jioni ya siku ya nne nilikuwa naijua injini kuliko vijana waliokuwa pale mwaka mzima, kwa hiyo huwaambia watu kwamba nilianza kazi kwa masomo maalumu.

Mkuu wa Karakana alikuwa na imani moja: fundi ni sikio. Hakukuruhusu kushika spana kabla hujaisikiliza injini. Kila fundi alipewa kipande cha boriti ya mkoko, urefu wa mkono. Ncha moja unaiegemeza kwenye chuma cha injini, nyingine unaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, na sauti inapanda moja kwa moja mpaka kichwani. Magari yetu yalikuwa makuukuu, mengi ya Kitaliano, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kugonga. Mwenye gari alikuja na neno hilohilo tu, linagonga, kama mgonjwa anayesema naumwa. Kazi yetu ilikuwa kujua linagonga wapi.

Kuna kugonga kwa juu. Hii ni sauti nyepesi, ya haraka, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Huisikii gari likiwa limesimama linanguruma tu. Huja unapokanyaga mafuta au unapopanda kilima na injini imeshika moto. Maana yake ni kwamba petroli inawaka ovyo, au inawashwa mapema kuliko saa yake, wakati pistoni bado inapanda, basi moto na pistoni vinakutana njiani vikapigana vifua. Huenda petroli ni mbovu. Huenda masizi yameganda kichwani mwa silinda. Au taimingi imewahishwa mno, yaani ile saa ambayo plagi, ambayo wazee wa karakana waliiita kandela kwa Kitaliano, hutoa cheche yake. Dawa ya taimingi ni nyepesi: unalegeza bolti ya distribyuta, kile kikombe kinachogawa umeme wa plagi, unakizungusha kidogo kama unavyosogeza kofia kichwani, unabana tena.

Halafu kuna kugonga kwa chini. Hiyo ni sauti nzito kama mchi unaotwanga kwenye kinu cha nyumba ya jirani. Hapo beringi zimelika, zile pete za chuma laini zinazoikumbatia shafti kubwa tumboni mwa injini. Ukiipata hiyo, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa wa silinda fulani na mchi ukapunguza kishindo, mgonjwa umempata. Lakini kumtibu barabarani huwezi. Ukilazimisha kwenda, mkono wa pistoni unakatika na kutoboa ubavu wa injini, na gari linakuwa banda la kuku.

"Kugonga kwa juu ni mtu analalamika," Mkuu alizoea kutuambia. "Kugonga kwa chini ni mtu anaaga."

Miaka kumi baadaye nilihamishiwa kiwanda cha samaki, chini ya Mkuu wa Mitambo, bwana mfupi aliyesomea ng'ambo na kuvaa shati jeupe kazini. Huyu hakuwa mtu wa sauti. Alikuwa mtu wa moshi. Alisema moshi ni injini ikizungumza bila adabu. Mweupe usiokatika ni maji yameingia ndani. Wa buluu ni oili inaungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Mweusi ni petroli nyingi au petroli isiyoungua sawasawa. Na usiamini macho, maana jua la pwani hudanganya: shika kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi, uhesabu mpaka thelathini, ukiangalie. Kikiwa na masizi makavu, shida ni ya petroli au hewa, unaiweza. Kikiwa na mafuta yanayonata, mwambie mwenye gari akae chini kwanza.

Chini ya bwana huyo nilipewa nafasi ya kupanda cheo na kuhamia Mogadishu. Nilikataa. Niliandika barua kwamba mama yangu hajiwezi. Mama aliposomewa nakala aliamka akapika pilau ya watu kumi, kisha akaniuliza nani hajiwezi. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipenda kula mchana kwangu, kulala kidogo kwangu, na kurudi kazini nikiwa na mikunjo ya mkeka shavuni. Hata kuoa nilichelewa, kwa sababu mchumba alikuwa mtaa wa pili nikaona mbali.

Mchumba huyo alikuwa Zuhura, na alinivumilia.

Vita vilipofika Kismayo vilikuja kwa zamu. Kundi hili lilitoka, lile likaingia, na kila lililoingia lilipita majumbani kwetu sisi Wabajuni kuona lile la kwanza limesahau nini. Walichukua nyavu, wakachukua mashine za boti, wakachukua mpaka milango. Watu wetu wakaanza kuondoka kwenda Kiunga, upande wa Kenya. Kila chombo kilipotoka tulikuwa na nafasi yetu, na kila mara mimi nilikuwa na sababu. Cha kwanza nilisema nangoja kuziba paa. Cha pili nikasema nyumba isiyo na mtu huibiwa, kana kwamba yenye mtu haikuwa ikiibiwa. Cha tatu sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu uso wa Zuhura. Baada ya hapo hakikubaki chombo chenye mashine bandarini.

Wakati huo Zuhura alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na mkunga wa hospitali alikuwa amemwonya asijaribu kuzaa peke yake nyumbani. Sasa hospitali haikuwa na mtu, na mkunga mwenyewe aliondoka na kile chombo cha tatu. Zahanati ya karibu yenye mkunga tuliyemsikia ilikuwa Kiunga.

Tulichokuwa nacho ni gari. Mkuu wa Mitambo, alipokimbia na jamaa zake, aliniachia gari lake la Kitaliano, la kimo cha juu, lenye turubai mgongoni, umri wake sawa na ndoa nyingi. Aliniambia linagonga na linatoa moshi mchafu, na nikijua linaumwa nini basi ni langu. Nikalitia uani. Wiki tatu kila asubuhi nililiwasha, nikalisikiliza, nikalizima, nikaingia ndani kunywa chai.

Kisha asubuhi moja risasi zilisikika mtaa wa tatu kutoka kwetu, na safari hii hazikunyamaza. Nikatoka na boriti yangu. Zuhura alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na furushi la nguo magotini, akasema nipime nitakavyo, yeye hashuki. Juu ya ua akachungulia Bi Mize, jirani yetu, mjane wa fundi wa mashine za boti, akauliza kama hilo ni gari au ni mgonjwa wa kuaguliwa. Dakika chache baadaye alikuwa amekaa nyuma chini ya turubai na madumu mawili ya petroli ambayo majambazi wa zamu zote hawakuyaona chini ya kitanda chake.

Nilipima kwa utaratibu niliofundishwa. Gari likinguruma tu, kimya. Nikikanyaga mafuta, mchele kwenye sinia. Hiyo ni ya juu. Lakini nilitaka kuwa na hakika kwamba chini yake hakuna mchi uliojificha, kwa sababu nikikosea hapo, mke wangu atazalia kichakani kando ya gari lililotoboka ubavu. Nikachomoa waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tatu nilidhani nimesikia kitu. Nikauchomoa tena. Nikauchomoa mara ya tatu. Bi Mize aliuliza kwa sauti ya upole kama waya huo una sukari.

Nikaomba kitambaa cheupe. Zuhura alifungua furushi akanipa nepi mpya ya mtoto. Nikaishika nyuma ya bomba la moshi, nikahesabu thelathini. Ilirudi nyeusi, lakini kavu kabisa. Hakuna mafuta. Nikafungua plagi: nyeusi na kavu nazo, kama sufuria la hotelini. Nikafungua filta ya hewa nikakuta mchanga na nyumba ya udongo ya nyigu, imara, kazi ya fundi aliyejua anachofanya. Mwisho nikafanya lile nililopaswa kulifanya wiki tatu nyuma. Nikafungua mdomo wa tangi nikanusa. Yalikuwa nusu petroli na nusu mafuta ya taa. Siku zile wauzaji wa madebe barabarani waliyachanganya hivyo ili debe moja liwe mawili. Mafuta ya taa hayana subira ndani ya silinda, yanalipuka yapendavyo, ndiyo kugonga; na hayaungui yakaisha, ndiyo moshi. Kumbe magonjwa yote mawili yalikuwa na baba mmoja.

Nikamwaga tangi lote mchangani, nikatia petroli ya Bi Mize, nikamfukuza nyigu, nikakwangua plagi, nikarudisha distribyuta nyuma upana wa ukucha. Nikawasha, nikakanyaga. Mchele ukanyamaza. Nilisimama pale nikitabasamu, na wallahi nilikuwa nainua boriti kwenda kuusikiliza ule waya wa tatu mara ya mwisho.

"Mume wangu," akasema Zuhura, "mtoto huyu hatangoja ufunge boneti."

Nikafunga boneti.

Tulitoka kwa njia ya nyuma, tukashika barabara ya mchanga inayoshuka kusini kufuata pwani. Nilipunguza upepo wa matairi yasizame, nikaendesha kwa gia ndogo na mguu mwepesi, maana injini iliyokuwa ikilalamika haipewi sababu ya kuanza upya. Penye kamba iliyofungwa kukata njia nzima vijana wenye bunduki walitushusha mimi na Bi Mize, wakapekua, hawakupata cha maana. Mmoja akaniuliza kwa Kisomali natoa wapi ujasiri wa kubeba mja mzito kwenye kitu kama hiki. Nikamjibu kwamba ujasiri sina, nina mke. Alicheka akashusha kamba.

Ilikuwa adhuhuri, kisiwa cha Kudhaa kikionekana upande wa bahari, nilipotazama kioo nikaona nyuma yetu moshi wa buluu, mrefu, kama tumebeba jiko. Moyo ulishuka mpaka kwenye klachi. Buluu ni oili. Oili ni ringi. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikafungua boneti nikaegemea pale nisionekane uso. Nilimaliza kufikiri, nikarudi dirishani nikawaeleza wanawake wale wawili, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba ringi za pistoni zimekwisha, injini inakunywa oili yake, Ras Kamboni, kule mpakani tunakokwenda kutafuta boti, hatufiki, na kwa maoni yangu ingefaa turudi nyumbani.

Zuhura alifumba macho. Bi Mize ndiye aliyeuliza kama ninaijua petroli iliyomo tangini. Nikasema ndiyo, ni yake.

"Ni ya mashine ya boti, mwanangu," akasema. "Ya boti huchanganywa na oili. Ulitaka itoe moshi wa rangi gani?"

Nimezaliwa kisiwani. Nilianza kuchanganya mafuta hayo na mikono yangu kabla sijajua kuandika jina langu. Nikavuta kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi, haikupungua hata unyoya. Nikafunga boneti, nikarudi kwenye usukani, nikaelekeza gari kusini.

Tulilala kwa watu wema njiani, na kesho yake tukaingia Ras Kamboni tukiwa na moshi wetu wa buluu na bila kugonga hata mara moja. Gari nililiacha kwa mvuvi mmoja nikamweleza habari zake zote, mpaka ya nyigu. Boti ikatuvusha Kiunga. Siku ya tatu Zuhura alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa mkunga, na mtoto alilia kwa sauti nyembamba, ya haraka. Nilikaa nje ya zahanati nikaisikiliza kwa makini. Ilikuwa ya juu. Nikamshukuru Mungu.

Mengine yalikuwa ya kambini, karibu na Mombasa, ambako nilitengeneza majiko na jenereta na gari la maji la kambi. Baadaye gereji moja ya mjini ikanichukua. Mwenye gereji, bwana mnene mwenye haraka, alikuwa na magari ya wateja yaliyokataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi, na mafundi wake walikuwa wakifumua injini nzima kwa kila moja. Nilimwomba kitambaa cheupe. Alidhani nataka kufuta jasho. Gari la kwanza lilikuwa na filta iliyoziba tu. La pili choki ya kabureta, kile kikopo kinachochanganya hewa na petroli, ilikuwa imenata. Yalipita yote mawili. Tangu siku hiyo aliniita Profesa, na nilikaa kwake miaka ishirini, kwa sababu alipotaka kunipeleka tawi lake la Malindi nilimwambia mama yangu hajiwezi. Mama alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na naamini alicheka.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Vijana wana kifaa kinachochomekwa chini ya usukani na kuwasomea ugonjwa kwa namba. Sikionei wivu. Nimekiona kikifanya kwa dakika moja kazi ya siku yangu nzima. Ninachowaomba ni kidogo: namba haijui mwenye gari alinunua petroli wapi. Nuseni tangi kwanza. Fungueni filta. Anzeni na kile ambacho hakihitaji kuvunja kitu, na mkisikia gari linagonga msimwambie mtu limekufa mpaka mjue linagonga wapi. Mengi niliyoletewa yakililiwa yalikuwa yanalalamika tu. Na nimeona kwamba hata nchi, hata watu waliotawanyika kambini na Mombasa na Ulaya, ukiwategea sikio vizuri, wengi wetu ni wa kugonga kwa juu. Yule mtoto wa Kiunga sasa ni mkunga mwenyewe, na mwaka jana alifika Koyama akaniletea mchanga kwenye chupa, maana alijua mimi sitakwenda.

Kurasa hizi nilimsomea Bi Mize, ambaye Mungu alimjalia umri na kumrudisha jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alisikiliza zote akitafuna tambuu. Nilipomaliza nilimuuliza kama nimetia chumvi niliposema ni sikio langu lililotufikisha. Alitoa tambuu mdomoni, akaishika vidoleni, akaniambia kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu ni mchu:

"Sikio gani, mchu wee? Mkeo asingekaa garini akakataa kushuka, hata leo ungali uani kwako Kismayo unasikiliza injini."